Lori Lenye Haya

Ko! Ko! Ko! Ko!

Tulilisikia kabla hatujaliona. Lilikuwa linakata kona kuingia gereji, na mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayegonga mlango wa bati huku mvua inamnyeshea. Mjomba wangu aliweka chini kikombe cha chai, akafuta mikono kwa tambara, akainuka. Fundi mzee hana haraka. Alisalimiana na dereva, akaitikia shikamoo ya utingo, akazunguka kichwa cha lori mara moja akitazama matairi kana kwamba matairi ndiyo yaliyomleta. Alipotega sikio sasa ili asikilize, mlio haukuwepo. Injini ilikuwa inanguruma taratibu kama paka aliyeshiba.

"Umeona, Mzee?" dereva alisema, sauti karibu ya kulia. "Kila nikifika kwa fundi, linanyamaza. Hili lori lina haya."

Ilikuwa mwaka 1998, zile mvua za El Niño zimeshaziharibu barabara zetu. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimepelekwa kwa mjomba wakati wa likizo ili, kwa maneno ya mama, nisishinde napiga danadana. Gereji yake ilikuwa Mtoni kwa Aziz Ali, Temeke, kando ya Barabara ya Kilwa. Usidhani ilikuwa na ukuta. Ilikuwa mwarobaini mmoja mkubwa, kontena la kufungia spana, na mchanga uliokunywa oili hadi ukawa mweusi tii.

Lori lenyewe lilikuwa la Kijapani, limezeeka kunizidi, breki zake za upepo, na nyuma limeandikwa WIVU SINA kwa rangi nyekundu. Kazi yake ilikuwa kubeba mihogo, nazi na mananasi kutoka Mkuranga hadi soko la Temeke Stereo. Mwenye mali alikuwa mama mmoja mfanyabiashara, naye alikuwa amekata tamaa. Wiki moja nyuma, lilipopeleka mzigo Tegeta, huko Kinondoni, fundi mmoja alilisikia likigonga akatoa hukumu papo hapo: limenoki, lifumuliwe.

Kufumua injini ni kuifungua yote, nati kwa nati. Ni kazi ya siku nyingi na pesa nyingi zaidi. Wakati mwingine ni lazima. Lakini kufumua kabla ya kujua unatafuta nini ni sawa na daktari kukupasua tumbo kabla hajakuuliza unaumwa wapi.

Mjomba hakufungua hata nati moja siku ile. Alimvutia dereva kigoda.

"Haya, niambie. Linagonga asubuhi likiwa baridi?"

"Linagonga, Mzee. Dakika chache tu, kisha kimya."

"Likiwa tupu au na mzigo?"

"Lolote. Halichagui."

"Ukipanda mlima?"

"Kupanda hapana. Kushuka. Nikiteremka Kongowe kuja kwenye daraja la Mto Mzinga, nikifika chini linaanza. Halafu Rangi Tatu. Pale kwenye foleni ya daladala, unakwenda hatua mbili unasimama, hatua mbili unasimama, linagonga mpaka abiria wananitazama."

"Na barabara ikiwa nyeupe?"

"Linanyamaza lenyewe."

"Kushuka," Mjomba alirudia polepole, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali.

Nami nakwambia wewe unayesoma: jibu la kitendawili chote lilikuwa ndani ya mazungumzo hayo. Ukitaka, rudi uyasome tena kabla hujaendelea. Mimi niliyasikia kwa masikio yangu na sikuelewa kitu.

Ili uone kwa nini Mjomba alishangazwa na neno "kushuka", inabidi uingie ndani ya injini. Kuna silinda, yaani bomba nene la chuma, na ndani yake pistoni inapanda na kushuka. Lori letu lilikuwa na silinda sita. Pistoni ikishuka mara ya kwanza, huvuta hewa. Ikipanda, huibana hewa ile. Umewahi kuziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha ukasukuma kwa nguvu? Rudia mara kadhaa, halafu gusa chini ya pampu: imepata moto. Sasa kwenye injini ya dizeli hewa hubanwa hadi ibaki sehemu moja ya kumi na nane hivi ya ujazo wake, na joto lake hupita nyuzi 500. Hapo nozeli inapuliza dizeli kama marashi, nayo inawaka yenyewe bila plagi wala kiberiti. Mlipuko huo ndio unaoisukuma pistoni chini kwa nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayobeba mihogo. Kisha pistoni inapanda tena kutoa moshi. Kuvuta, kubana, kuwaka, kutoa, halafu upya.

Aliyebuni injini ya dizeli ni Rudolf Diesel, Mjerumani. Injini yake ya kwanza iliyofanya kazi sawasawa ilikuwa tayari mwaka 1897 katika mji wa Augsburg, na jina lake tunalitamka kila tunapopita kituo cha mafuta bila kujua kwamba tunamtaja mtu. Miaka mitatu baadaye, kwenye maonyesho makubwa ya Paris ya mwaka 1900, injini ndogo ya aina hiyo iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Ndiyo, karanga hizi hizi. Usiende kujaribu kwenye gari la baba.

Kwa kuwa dizeli huwaka kwa ghafla, kila injini ya dizeli hugonga kidogo, hata ikiwa nzima kabisa. Hapo ndipo ugumu ulipo. Fundi hasikilizi kama inagonga. Anasikiliza kugonga kupi hakukualikwa.

Mjomba alikuwa na njia yake ya kulieleza hili. Ujana wake alipiga ngoma kwenye mdundiko, ile ngoma ya Wazaramo inayotembea mitaani ikivuta nyuma yake watu waliotumwa chumvi dukani wakasahau kurudi. Kwake injini ilikuwa mdundiko. Katikati kuna kranki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni zote sita. Huo ni msondo, ngoma ya kishindo. Pembeni kuna kamshafti, inayofungua na kufunga valvu. Hiyo ni chapuo, ngoma ndogo yenye sauti kali. Kranki ikizunguka mara mbili, kamshafti huzunguka mara moja tu. Kwenye injini kama hii haiwi vinginevyo, kwa sababu pistoni inahitaji mizunguko miwili ya kranki kumaliza yale mambo manne.

"Kwa hiyo, mjomba," alikuwa akiniambia, maana kwetu mjomba na mpwa huitana jina moja, "kabla hujauliza sauti inatoka wapi, uliza inakwenda na ngoma ipi. Ikiwa nyepesi, tik-tik-tik, na inakwenda nusu ya mwendo wa kranki, tazama tapeti, tazama valvu. Ikiwa nzito na inakwenda pamoja na kranki, ogopa."

Cha kuogopwa ni beringi za konrodi, yaani ile mikono inayozishika pistoni kwenye kranki. Beringi hizo zikilika, kunakuwa na nafasi kati ya chuma na chuma, na kila mlipuko unazikutanisha kwa kishindo. Hiyo ndiyo injini iliyonoki kweli, na ukiendelea kuitembeza, konrodi inaweza kukatika na kutoboa ubavu wa injini. Lakini beringi mbovu hulalamika zaidi injini ikibanwa na mzigo, yaani kwenye kupanda. Lori letu lilikuwa kimya kwenye kupanda, likianza kelele baada ya kushuka. Ni kama mtu anayelia goti linamuuma akiwa amekaa, akinyanyua gunia haumwi.

Mjomba alichomoa kijiti cha kupimia oili, akadondosha tone kwenye kiganja, akalisugua kwa kidole gumba na kulielekeza juani. Beringi zikilika, huacha unga unaometameta kama vumbi la dhahabu. Oili ilikuwa nyeusi, imechoka, lakini haikumetameta. Geji ya oili nayo ilisimama mahali pake. "Rudi kesho," alimwambia dereva. "Ukitoka Rangi Tatu usipite popote, usinywe hata maji. Niletee mlio wako ukiwa bado wa moto."

Kesho yake saa mbili asubuhi, ko! ko! ko! Lilikuja mbio, honi juu. Safari hii Mjomba alikuwa amesimama na bisibisi yake ndefu mkononi.

Unajua ile mipira ambayo daktari huweka masikioni? Chanzo chake ni daktari Mfaransa, René Laennec, ambaye mwaka 1816 alikunja karatasi ikawa bomba, akaliweka kwenye kifua cha mgonjwa, akashangaa kuusikia moyo vizuri kuliko alivyowahi kuusikia kwa kuweka sikio moja kwa moja. Mafundi wetu wanatumia bisibisi. Ncha inagusa injini, mpini unagusa sikio. Sauti hukimbia ndani ya chuma cha pua karibu mara kumi na tano ya mwendo wake hewani, na haitawanyiki njiani. Laza sikio juu ya meza ya mbao, mwambie mwenzako akwaruze kwa ukucha upande wa pili, utaelewa mara moja.

Mjomba aligusa kifuniko cha tapeti. Akagusa ubavu. Akagusa mbele, kwenye gia. Kila mahali akakunja uso. Chuma ni mmbea: habari ya jirani mmoja anaipeleka mtaa mzima. Mlio ulisikika kote, ila mbele ulizidi kidogo. Na mbele, bahati mbaya, ndiko kulikojazana vitu.

Akaingia njia ya pili, ambayo nakuomba uisome tu, usiijaribu, kwa sababu dizeli inayotoka pampu ina msukumo wa kuweza kupenya ngozi ya mtu, na sindano ya namna hiyo humpeleka mtu hospitali. Mimi mwenyewe nilifukuzwa nisimame mbali, karibu na mlango wa dereva. Alilegeza kidogo, kwa spana namba 17, nati ya bomba la nozeli ya kwanza. Silinda ile ikakosa mafuta, injini ikaanza kuchechemea. Kama mlio ungepungua hapo, mwizi angekuwa amepatikana: ni beringi au pistoni ya silinda ile. Haukupungua. Akakaza. Ya pili, ko! ko! Ya tatu. Ya nne. Ya tano. Alipofika ya sita jasho linamtiririka, na lori likaendelea kugonga kana kwamba hakuna aliyeligusa. (Malori ya siku hizi yenye kompyuta hayapimwi hivi kabisa; msukumo wake ni mkubwa zaidi.)

Mjomba alikaa chini kwenye tairi la spea. Silinda zote sita zilikuwa zimetoa ushahidi, na hakuna iliyohusika.

Ndipo lori likatoa pumzi. Pshiii!

Na mlio ukakatika.

"Limeanza haya zake," dereva alisema akipiga usukani. Utingo akacheka. Mjomba akatikisa kichwa. Mimi niliyefukuzwa, niliyekuwa nimesimama upande wa dereva sina kazi, nikasema kitu ambacho niliona ni cha kijinga hata nikakisema chinichini:

"Na jana lilifanya pshii, kisha likanyamaza."

"Unasemaje?"

"Jana pia. Wakati unamsalimia utingo. Pshii, halafu kimya."

Watu wazima watatu wakanitazama. Pshii ni sauti ambayo kila anayeishi kando ya Barabara ya Kilwa ameisikia mara elfu. Malori yote yenye breki za upepo huitoa. Ndiyo maana hakuna aliyeisikia. Ukikaa karibu na msikiti au kanisa, adhana na kengele huacha kukuamsha.

Mjomba aliinuka taratibu. "Dereva," alisema, "kanyaga breki. Kanyaga, achia. Kanyaga, achia. Usiache mpaka nikwambie." Akapanda kwenye ngazi ya mlango, akakodolea macho geji ya upepo. Mshale ukaanza kushuka. Nane, saba, sita na nusu.

Ko! Ko! Ko! Ko!

Hakuna aliyesema neno. Tulisubiri, dereva ameondoa mguu kwenye breki, mshale unapanda kwa kujivuta kama mzee anayepanda ngazi. Ulipokaribia nane: pshiii! Kimya. Wakarudia. Ikawa vilevile. Mara ya tatu Mjomba alikuwa anacheka peke yake.

Breki za lori kama lile hazisukumwi na mguu wa dereva. Mguu hufungua njia tu. Kinachosukuma ni upepo uliobanwa ndani ya mitungi chini ya bodi. Wazo ni la zamani: Mmarekani George Westinghouse alilipatia hataza ya breki za upepo za treni mwaka 1869. Sasa huo upepo lazima ubanwe na kitu, na kitu hicho ni kompresa, pampu ndogo iliyofungwa ubavuni mwa injini na kuzungushwa na gia zake. Ina silinda yake, pistoni yake, konrodi yake. Ni kama injini mtoto aliyebebwa mgongoni na mama. Mitungi ikijaa, kwenye lori letu ilikuwa bar 8 hivi, valvu moja ndogo huachia pumzi, pshii, na kuiambia kompresa ipumzike. Inaendelea kuzunguka, lakini haibani kitu. Dereva akikanyaga breki, upepo unapungua, kompresa inaitwa kazini tena.

Sasa yapange mwenyewe. Asubuhi mitungi imevuja usiku, kompresa inajaza, lori linagonga. Kuteremka Kongowe ni breki tupu. Foleni ya Rangi Tatu ni breki, breki, breki. Barabara nyeupe, mguu haugusi breki, kimya. Na ukiegesha gereji ukaanza kusalimiana na watu, hakuna anayekanyaga breki, mitungi inajaa, na lori "linaona haya". Fundi wa Tegeta simlaumu sana. Alilisikia katikati ya kugonga, na konrodi ndogo ikigonga inasema maneno yaleyale ya konrodi kubwa.

Mjomba hakuridhika na hilo. Alizima injini, akachora mstari wa chaki kwenye puli ya mbele ya kranki, akaiwasha, akaamuru breki zikanyagwe hadi mlio urudi, kisha akamwambia dereva avute zimio. Injini inapokufa, hupunguza mwendo hadi jicho linaweza kuukamata mstari. Kama mlio ungekuwa wa kranki, ungeangukia mstari kila mzunguko. Kama ni wa kamshafti, mzunguko mmoja ungerukwa. Huu ulianguka hapa, kisha pale, kisha kwingine. Haukufuata msondo wala chapuo. Kompresa ile ilikuwa na gia yenye hesabu yake ya meno, basi nayo ilicheza ngoma yake.

Mwisho akaiwasha tena, akaweka ncha ya bisibisi juu ya kompresa yenyewe. Aliruka kama aliyepigwa kofi la sikio.

Waliifungua mchana huohuo. Nati nne, mabomba mawili ya upepo, moja la oili. Pistoni yake ndogo niliishika kwa mkono wangu: ilicheza kwenye konrodi kama jino la mtoto wa miaka sita linalosubiri kung'oka. Bushi iliyokuwa kati yake na konrodi ilikuwa imelika upande mmoja ikawa nyembamba kama ganda la yai. Utingo alipanda daladala hadi Gerezani kutafuta nyingine, akarudi jioni nayo mfukoni, imefungwa kwenye gazeti.

Yule mama alikuja siku ya pili, khanga kiunoni, pochi kwapani, uso wa mtu aliyejiandaa kwa msiba. Mjomba alimwekea bushi ya zamani kiganjani. Aliigeuza na kuigeuza.

"Hii tu?"

"Hii tu, dada yangu."

"Na injini?"

"Injini ibadilishie oili, umeichelewesha. Mengine namwachia huyu bwana mdogo akueleze."

Nilimweleza vibaya sana, naanza na pshii na kuishia na Rangi Tatu, lakini alisikiliza mpaka mwisho, akafungua pochi na kunipa noti ya mia tano. Mama yangu hajawahi kuamini niliipataje.

Wiki tatu baadaye WIVU SINA lilirudi. Dereva alishuka ameshika kichwa. Kuna mlio mpya, alisema, gurugudu, gurugudu, halafu du! Mjomba akanywa chai yake, akanitazama bila kusema kitu.

"Ni wakati wote," nikauliza, "au ukikata kona tu?"

Alifikiri. "Kona tu."

"Ukikata kulia unasikia du! upande gani?"

"Kushoto."

Nilipanda, nikaingiza mkono nyuma ya kiti. Lilikuwa dafu, limetoka kwenye mzigo wa Mkuranga, linabingirika huku na huku. Mjomba alisema gereji yake haifanyi kazi bure, akalitoboa kwa ile bisibisi ndefu, tukalinywa.